Tanzia haikukaa sana kwa mama yake

Mmeuliza wiki hii: tanzia ya Wagiriki wa kale, yaani mchezo wa kuigiza wa huzuni, ilizaliwa na ibada, au ibada ilikuwa kisingizio tu cha burudani? Mimi nasema ilizaliwa na ibada, ila haikukaa sana kwa mama yake.

Kila mwaka baridi ilipokwisha, Athens ilimwadhimisha Dionysus, mungu wa mvinyo. Sanamu yake ilitembezwa, mafahali wakachinjwa, kwaya za watu 50 zikaimba kwa duara nyimbo za sifa ziitwazo dithirambo. Hata uwanja wa maonyesho ulikuwa kwenye eneo lake takatifu, mteremko wa kusini wa Akropoli, kilima cha ngome ya Athens, na kuhani wake alikaa mstari wa mbele. Asiyeiona ibada hapo sijui anatafuta nini.

Lakini kwaya bado si mchezo. Mwanafalsafa Aristotle anasema tanzia ilitokana na walioongoza dithirambo, na mimi sishangai: penye wa kuanzisha na wa kuitikia, mazungumzo yako njiani. Takriban 534 KK anatajwa Thespis, aliyejitenga na kwaya akasema kama mtu mwingine kabisa. Mwandishi Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka 600 baadaye, anasimulia kuwa mzee Solon, mtunga sheria wa Athens, alimuuliza kama haoni haya kudanganya mbele ya umati ule. Thespis akajitetea kuwa ni mchezo tu. Solon akagonga fimbo chini: tukiusifu mchezo huu, kesho tutaukuta kwenye mikataba yetu! Hata ikiwa ni ngano, mzee alishtukia jambo. Kumsifu mungu ni kitu kimoja, kujifanya mtu mwingine ni kingine.

(Tragodia, jina la Kigiriki la tanzia, maana yake ni wimbo wa mbuzi. Mbuzi wa sadaka au wa zawadi, wataalamu bado wanavutana. Sisi tumechukua tanzia, neno la habari za msiba, na naona tumechagua vizuri zaidi.)

Baadaye mtunzi Aeschylus akaongeza mwigizaji wa pili, mwenzake Sophocles wa tatu, visa vikahamia kwa wafalme wa miji ya Thebes na Argos. Watu wakanung'unika hadi ikawa methali: haya hayamhusu Dionysus hata kidogo.

Aliyemrudisha Dionysus jukwaani ni mtunzi Euripides. Katika mchezo wake Mabakante, yaani wanawake wafuasi wa Dionysus, mungu huyo anaingia Thebes kwa sura ya binadamu; mfalme anamkataa, na mama mzazi wa mfalme, akili zikiwa zimemtoka, anamrarua mwanawe akidhani ni simba. Mchezo huo ulionyeshwa takriban 405 KK, kwenye sikukuu ya mungu huyohuyo, ukapewa ushindi. Euripides alikuwa ameshafariki.