Tairi mbili za theluji nyuma tu? Mkuu, usithubutu

Mkuu, kabla hujalipia hizo tairi mbili, soma hapa kwanza.

Nimekuelewa: umehama Houston umeingia Minneapolis na Nissan 370Z yako ya Sport. Umeuliza ubaki na rimu za inchi 19 au ushuke 18, rimu nyeusi zitavumilia chumvi ya barabarani, sensa za upepo utafanyaje, na tairi za kampuni gani. Maswali mazuri. Ila katikati ya maelezo umechomeka kasentensi kamoja, tena kimyakimya: "Nitaweka mbili za theluji nyuma tu, si gari linasukumwa na tairi za nyuma, za mbele bado mpya." Wameshachangia watu wanane, karibu wote wanabishana rangi ya rimu. Hakuna hata mmoja aliyekushika shati. Basi mimi nakushika.

Tairi za theluji ni nne. Siyo mbili. Nne.

Nilikuwa na 350Z, mtangulizi wa hilo lako. Nguvu za farasi 287, rangi ya chungwa, nimelinunua kwa boksi halali: zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, wikiendi zote, miaka miwili na nusu. Mimi mtu wa Tabora. Barafu niliyoijua utotoni ni ile ya ubuyu, ya kwenye kimfuko, unaing'ata pembeni unafyonza. Kwa hiyo mlioko Toronto na Oslo mnaotaka kunicheka, chekeni taratibu.

Kuna kaka mmoja hapa mjini, Mtanzania mwenzetu, yule wa kila msiba na kila harusi, yuko huku zaidi ya miaka 15. Ukifika mgeni, kila unayemuuliza anakwambia nenda kwa huyo. Nikaenda. Akaniambia, "Dogo, gari lako linasukumwa na nyuma. Tairi za mbele kazi yake kufuata tu. Weka mbili, hela inayobaki tuma nyumbani." Kaongea kwa utulivu wa mzee wa baraza, huku anapuliza chai. Ningebisha na nani?

Nikaenda duka la tairi, nikidhani muuzaji atanikatalia maana kuuza nne ndiyo faida yake. Wapi! Naye akaniunga mkono, akaongezea ukweli nusu, ambao kwangu ulikuwa sumu kuliko uongo mzima. Akasema ukinunua tairi mbili mpya, siku zote zinafungwa nyuma. Ni kweli kabisa, hiyo kanuni ipo. Ila inahusu tairi za aina moja, mbili zimelika na mbili bado zina kashata (yale meno ya tairi), basi zenye kashata zinakaa nyuma ili gari lisizunguke kwenye maji. Haihusu kufunga tairi za theluji nyuma na za kiangazi mbele! Hizo ni mpira wa aina mbili tofauti, ni kama kuvaa raba mguu mmoja na kandambili mwingine halafu ukimbie kwenye utelezi.

Baadaye nikaja kugundua yule kaka mwenyewe anaendesha gari linalosukumwa na tairi zote, na amelifunga tairi za theluji zote nne. Nilizihesabu siku ya kipaimara cha mwanawe, nimefika pale kwa miguu.

Sasa sikiliza ubaya wa mbili za nyuma, kwa sababu hauonekani siku ya kwanza. Siku ya kwanza unafurahi. Asubuhi ya theluji ya kwanza nilitoka kwenye maegesho bila kuteleza hata kidogo. Jirani yangu mwenye pikapu anachimba shimo palepale alipo, mimi huyo napita. Nikampungia mkono, mjinga mimi. Wiki tatu nzima gari lilikuwa linaondoka vizuri kila siku, nami kila siku naongeza mwendo kidogo. Ukikanyaga mafuta unapima tairi za nyuma peke yake. Za mbele unazipima kwa breki na usukani, na huko mtihani unakuja bila taarifa.

Wangu ulikuja Desemba, saa moja kasoro asubuhi, natoka zamu. Nyuzi 12 chini ya sifuri. Natoka barabara kuu ya I-94 kwa ule mchepuko wa kushuka unaojikunja kulia. Sikuwa nakimbia, naapa, maili 30 kwa saa, kama kilomita 48 hivi. Nikakanyaga breki. ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, ikaanza kutetemesha kanyagio kama cherehani, lakini mwendo haupungui. Nikakata usukani kulia. Tairi za mbele ziligeuka, nilizisikia mkononi kabisa kwamba zimegeuka. Gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja, limenyooka, limetulia, wala halikutikisa mkia, maana nyuma kule tairi mpya za theluji zilikuwa zimeshika njia vizuri mno, zinanisindikiza kwenye chuma. Nilipata muda wa kusema "Mama" na kuimalizia.

Reli ya pembeni. Bampa, taa ya kushoto, fenda, radieta, mkono wa chini wa tairi ya mbele na rimu yake. Bredauni dola 190. Gereji dola 5,120. Siku tisa za kukodi usafiri kwenda kazini, dola 330. Jumla 5,640. Unajua nilikuwa nimeokoa kiasi gani kwa kutonunua zile mbili za mbele? Dola 310.

Na bima yangu ilikuwa ile ndogo, ya kulipa uliowagonga. Niliyemgonga ni reli ya jimbo. Basi bima ikailipa reli, ikafungwa mpya inang'aa ndani ya wiki chache, na gari langu likalala chini ya turubai hadi Machi nikichanga hela ya fundi. Kila alfajiri basi lilikuwa linanipitisha palepale. Nilikuwa naitazama ile reli namna mtu anavyomtazama mke mwenza.

Sasa hilo la "za mbele bado mpya". Mkuu, upya si hoja. Kama ni zile za aina iliyotoka na gari kiwandani, Sport inakuja na tairi za kiangazi. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wake unaanza kukakamaa. Huhitaji hata theluji. Jua linawaka, lami kavu, nyuzi 15 chini ya sifuri, na tairi limekuwa gumu kama soli ya kiatu cha plastiki. Wapo watengenezaji wanaoonya kabisa kwamba tairi la kiangazi likiendeshwa kwenye baridi kali linaweza kupasuka nyufa. Mpira wa tairi la theluji umechanganywa ubaki laini kwenye baridi, na kashata zake zimechanjwa vijimstari vingi vya kung'ata barafu. Halafu ukifunga breki uzito wa gari unamwagikia mbele, na breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Wewe unataka mpira mzuri uwe nyuma, penye uzito mdogo kuliko wote kwa sekunde hiyo!

Na asije mjanja humu akasema basi aweke mbili mbele. Hapo mbele itashika na nyuma itakuja kukupita. Utajikuta unatazama ulikotoka.

Ukinunua, angalia ubavuni pawe na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake hazitoshi, zinaeleza umbo la kashata tu. Tena hata huo mlima, jaribio lake linapima tairi linavyovuta kwenye theluji, yaani kuondoka. Kuondoka! Nimekueleza kuondoka kulinifikisha wapi. Kwa hiyo usichukue za misimu yote eti kwa kuwa zina mlima, chukua za theluji zenyewe. Na wewe uliyeshauri tairi za misumari hapo juu, Minnesota mkazi wa kawaida haruhusiwi, labda ulikuwa unaandika kutoka Finland.

Haya, rimu. Shuka 18, usibaki 19. Gari lako lina 245/40R19 mbele (upana milimita 245, ubavu asilimia 40 ya upana, rimu inchi 19) na 275/35R19 nyuma. Tafuta 245/45R18 kote. Piga hesabu mwenyewe: 245 mara 0.45 ni milimita 110 na ushee za ubavu, mara mbili 220.5, jumlisha inchi 18 ambazo ni 457.2, unapata 677.7. Za mbele zako sasa zina 678.6, za nyuma 675.1. Tofauti haifiki hata milimita tatu, spidomita haitajua lolote. Unapata ubavu mnene zaidi, na utauhitaji sana ifikapo Machi, maji yakishaingia kwenye nyufa za lami, yakaganda, yakatanuka, yakayeyuka na kuacha mashimo ya kulaza mbuzi. Na tairi ya nyuma iliyo nyembamba inapasua theluji badala ya kupanda juu yake. La muhimu zaidi, zote nne zikiwa saizi moja, unaweza kuzihamisha mbele na nyuma zilike sawasawa. Na huna tena kisingizio cha kununua mbili mbili, nadhani unaona ninakoelekea.

Rimu iwe ya matundu matano kwenye duara la milimita 114.3, tundu la katikati milimita 66.1, nati za milimita 12 kwa 1.25. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko 66.1, weka ringi za kuziba nafasi, la sivyo usukani utatetemeka. Ila si kila rimu ya 18 inaingia kwenye Sport. Diski zako za breki za mbele zina milimita 355 na kalipa zake (vile vibanio vya breki) zimevimba, kwa hiyo 17 sahau kabisa, na hiyo 18 ijaribu ikiwa tupu, kabla haijavalishwa tairi. Ivishe kwenye gari, izungushe kwa mkono, tazama mwanya kati ya mikono ya rimu na kalipa. Ikishavalishwa tairi, duka halitaipokea tena, utabaki nayo sebuleni kama stuli. Nati kaza kwa spana ya kipimo, endesha maili 50, kaza tena.

Kampuni? Blizzak ya Bridgestone, X-Ice ya Michelin, Hakkapeliitta ya Nokian, chagua yoyote inayotoshea mfuko wako kwa idadi ya NNE. Kama hela ya nne haipo, chukua rimu za chuma cha kawaida kama utapata saizi, ziwe mbaya hata kutazama, au liache gari ndani upande basi mpaka mshahara mwingine uingie. Mimi nimepanda hilo basi miezi mitatu, lina joto, na hakuna aliyenidai bampa. Hata mitumba poa, ilimradi kashata zizidi milimita 4, na usome tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Usisubiri theluji ianguke ndiyo uende dukani, siku hiyo kila mtu yuko pale na bei inakuwa ya siku hiyo.

Hapo juu uliuliza na mengine, nimesahau. Jumamosi natoka zamu saa moja asubuhi. Jeki ninayo, spana ya kipimo ninayo, chai ipo. Nitumie ujumbe nikuelekeze nyumbani, njoo na hizo tairi tuzifunge. Nikichungulia dirishani nikahesabu mbili, sifungui mlango.