Kwanza Watakuuliza Ulinunua Wapi

Nilipotuma picha ya gari ninaloishi humo likiwa limefunikwa turubai paani, nikalalamika kwamba mafundi wa huku Marekani wamekataa kulitengeneza, kundi la familia la WhatsApp liliwaka moto. Wifi aliuliza kama nyumba za Marekani zimenishinda hata nikalale garini. Kijana wake, mwenye tuk-tuk pale Malindi, akaniletea sauti: "Shangazi, gari ni lako, pesa unazo, fundi yuko mtaa wa pili. Akukataeje?" Kaka mkubwa naye akashauri nilipakie melini lije Watamu tuwakodishe watalii wa Kiitaliano. Nilijibu kwa mkato nikiwa zamu ya usiku, na naona sikueleweka. Leo nina nafasi.

Wifi, nianze na wewe maana lako ni jepesi. Mimi ni nesi wa mkataba. Hospitali iliyopungukiwa na wauguzi inanichukua kwa wiki 13, zikiisha naenda nyingine, pengine jimbo jingine kabisa. Mwenye nyumba anataka umsainie mwaka mzima, na vyumba vya muda mfupi vilikuwa vinakula karibu nusu ya mshahara wangu. Gari-nyumba, ambalo huku huitwa RV, lina kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Naliegesha kambini, nalipa dola 850 kwa mwezi maji na umeme humo humo, mkataba ukiisha nang'oa nanga. Wapo wastaafu wenye mali zao wanaoishi hivi kwa hiari. Aibu hamna. Baridi ndiyo ipo.

Sasa swali la kijana, ambalo ndilo lenye nyama.

Mimi kituo changu ni Minnesota, lakini gari nililinunua Elkhart, Indiana, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa; mbali kuliko Malindi hadi Nairobi. Elkhart na miji ya jirani ndiko yanakoundwa magari-nyumba mengi ya nchi hii. Na katika wanaoyaunda kuna Waamish wengi, watu wa dini ambao wenyewe hawamiliki gari, usafiri wao ni kigari cha farasi. Mchana wanapigilia misumari nyumba za magurudumu, jioni wanarudi kwa farasi wao. Nilicheka sana siku niliyoambiwa. Basi, gari la aina ile ile, mwaka ule ule, yadi ya kuuza magari hapa kwetu walitaka dola elfu tisa zaidi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Nani kati yenu angeziacha mezani?

Majira ya kuchipua yalipofika, barafu ikayeyuka, mambo mawili yakajitokeza. Kidirisha cha paani juu ya bafu kilianza kudondosha maji, na hita ya maji ikagoma kuwaka. Gari bado lilikuwa ndani ya mwaka wake mmoja wa waranti, yaani ahadi ya kiwanda kwamba likiharibika litatengenezwa bure. Nikapigia yadi ya hapa mjini, ambayo ina bango la kiwanda kile kile langoni. Mwanadada wa mapokezi hakuuliza gari linaumwa nini.

"Ulinunua kwetu?"

Nikamwambia hapana, Indiana. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, adabu iko pale pale: kwa sasa wanahudumia wateja waliowauzia wenyewe, nijaribu tena msimu ukipita. Hiyo ilikuwa Aprili. Msimu wa safari hapa unapita Oktoba.

Yadi ya pili walikubali kulitazama, kwa sharti nilipe mwenyewe, habari ya waranti nisiwatajie, na gari niwaachie wiki sita. Wiki sita! Ndiyo nyumba yangu hiyo. Nikalale benchi la hospitali na wagonjwa? Yadi ya tatu waliniweka kwenye muziki wa simu mpaka nikakata.

Kijana wangu, fikiria jambo hilo pale kwetu. Tuk-tuk yako iliundwa India. Probox ya jirani ilitoka Japani ikashukia bandari ya Mombasa. Jenereta za mahoteli, friji za samaki, injini za boti pale ufukweni, hakuna hata kimoja kilichozaliwa Malindi. Mji mzima umenunuliwa kwingine. Fundi atakayeanza kwa kuuliza ulinunua wapi atafunga kibanda kabla ya adhuhuri. Yeye riziki yake imo katika kutengeneza tu, kwa hiyo chochote kinachofika mbele yake kikiwa kibovu ni kheri yake.

Huku riziki ya yadi imo katika kuuza. Matengenezo ni mkia wa biashara, na mkia huo wameuweka kwa ajili ya kuwatuliza waliokwisha kununua. Na ya waranti ndiyo isiyotamanika kabisa. Fundi wa yadi akitengeneza kitu kilicho ndani ya waranti, mimi silipi. Analipa mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda naye hulipa kwa saa alizozipanga yeye, kwa kiwango ambacho mara nyingi ni cha chini kuliko anachotozwa mteja anayejilipia mwenyewe. Kabla ya kugusa bisibisi, yadi ipige picha, ijaze fomu, ingoje ruhusa, kisha ingoje spea. Sasa niambie: una mafundi wachache, Aprili kila mtu kaamka na gari lake bovu, halafu anatokea mama aliyempelekea mtu mwingine faida ya mauzo, anakuletea wewe kazi ya malipo hafifu. Mimi ningekuwa meneja pale ningemweka mwisho wa foleni. Siwatetei, lakini hesabu yao naiona.

Tena waranti yenyewe haikai nyumba moja. Injini na chasisi yangu ni za Ford, nazo zina waranti ya Ford. Hita na friji kila kimoja kina kampuni yake na kitabu chake. Kuta, paa na mabomba ndivyo vya kiwanda cha Indiana. Upande wa injini hausumbui sana ila urefu: gari lina zaidi ya mita tatu kwenda juu, na gereji nyingi za magari madogo milango haitoshi, kwa hiyo naenda kwa watu wa malori. Wale hawana maswali. Oili, filta, lipa, nenda.

Kaka aliuliza faraghani kama ni rangi yangu. Ubaguzi upo, nimeuonja mahali pengine na siku moja nitausimulia. Hili silo. Jirani yangu kambini, mzee wa Kizungu aliyezaliwa jimbo hili hili, alinunua gari lake Texas, na aliambiwa maneno yale yale na mwanadada yule yule. Tulikaa nje ya magari yetu tukinywa chai, tukiwasema. Angalau kusengenya hakuna uraia.

Yeye ndiye aliyenionyesha njia. Wapo mafundi wa kuzunguka: mtu na gari lake lenye vifaa, anakufuata ulipoegesha. Hao kidogo wanafanana na wa kwetu, kwa kuwa nao riziki yao haina mauzo nyuma yake. Kwanza nilipiga simu moja kwa moja kwa kampuni ya hita, wakafungua faili, wakakubali huyo fundi aje na wao wamlipe. Siku nane baadaye maji yalikuwa moto. Na kwa kiwanda cha Indiana nako nilipiga, nikatuma picha na video. Wao walikuwa wasikivu sana mpaka tulipofika kwenye paa.

Paa la gari hili ni tabaka la mpira lililotandazwa juu ya mbao nyembamba, na kila palipotobolewa, pawe kidirisha, feni au bomba, pamezungushiwa gundi maalumu ya kuziba. Gundi hiyo hupasuka kwa jua na kwa barafu. Ni jahazi lile lile la Lamu, lisipotiwa kalafati linakunywa maji, tofauti ni kwamba hili linanywea juu. Na maji yakishaingia hayaonekani. Yanatembea ndani ya ukuta, mbao zinaoza, siku moja unaona ubavu wa gari umevimba na huo ni msiba wa maelfu ya dola. Kiwanda wakaniambia kwa upole kwamba gundi ni matunzo ya mwenye gari, imeandikwa kitabuni. Nilifungua kitabu. Imeandikwa.

Kwa hiyo paa nilililipia mimi. Fundi wa kuzunguka anatoza dola 180 kwa saa, na ada ya kufika kwako mbali. Hapo ndipo nilipowakumbuka mafundi wa Malindi kwa machozi. Kule mnapatana kazi. Akikesha shauri yake, akimaliza mapema bahati yake. Huku mnapatana saa. Akifungua simu kutafuta maelekezo ya kidirisha changu, saa inakwenda. Akishuka ngazi kufuata kisu alichosahau, saa inakwenda. Nilisimama chini namtazama huku nahesabu moyoni kwa shilingi, kosa ambalo sisi wa ughaibuni hatuachi hata tukikaa miaka ishirini.

Lakini kazi yake ilikuwa safi, nalo nilisema. Alikwangua gundi yote ya zamani badala ya kupaka juu yake, akanikataza silikoni ya dukani kwa sababu haishiki vizuri kwenye mpira ule na ikishapakwa gundi nyingine haitaki kukaa juu yake. Akanipa risiti yenye kila kitu. Risiti hizo nazitunza kuliko vyeti vya shule. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 inayomzuia mwenye kiwanda kukufutia waranti kwa sababu tu sevisi ya kawaida umeifanya kwa fundi mwingine, ila ukibishana nao lazima uwe na karatasi. Na kasoro ya usalama, ile ambayo kampuni inatangaza kuyarudisha magari, inarekebishwa bure, ulinunue wapi usilinunue wapi. Unaingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya serikali, unaona kama lako limo.

Najua kuna mmoja atauliza: si ungenunua tu hapo karibu? Hapana. Dola elfu tisa nimelipia paa na bado nyingi zimebaki. Halafu Novemba, kabla maji hayajaganda na kupasua mabomba, nitachukua mkataba wa Arizona. Gari likiharibika kule, yadi ya Arizona wataniuliza swali lile lile, na hata kama ningelinunua hapa mtaa wa pili jibu lingekuwa hapana vile vile. Gari la kusafiri ni geni kila gereji. Kununua karibu kungenifaa miezi ya kiangazi tu, na miezi hiyo ndiyo foleni inayofika barabarani.

Anayestahili kununua karibu ni yule anayeliegesha nyuma ya nyumba na kulitoa wikendi mbili kwa mwaka. Yeye aende yadi ya mtaani kwake, alipe zaidi, ajulikane kwa jina. Mimi nimejifunza kupanda ngazi. Naam, wifi, shangazi yao anapanda paani na brashi na gundi, umri huu. Baridi ikitangulia kabla sijaondoka, namwaga maji yote na kupitisha kwenye mabomba ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, mwenyewe, sendi ya fundi haitoki.

Kaka, sasa wewe na Waitaliano wako. Usukani wa gari hili uko kushoto. Kenya haikubali gari la namna hiyo kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida, na gari la mtumba lisizidi miaka minane. Tuseme umepata njia ya hilo: bado kuna ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16, na nyinginezo, juu ya nauli ya meli. Vyombo vya ndani vinataka umeme wa volti 120, ukivichomeka kwenye 240 ya Malindi utasikia harufu. Tangi la choo utalimwaga wapi? Huku kila kambi ina shimo lake maalumu; Watamu utagombana na kila mtu kuanzia mwenye hoteli hadi mvuvi. Na chumvi ya bahari italila hilo bati lisilopakwa chochote chini, mwaka haumalizi. Waitaliano wana nyumba zao za makuti zenye bwawa la kuogelea, hawajaja kulala garini. Ukitaka biashara nao, nunua tuk-tuk ya pili mpe kijana aajiri dereva. Spea zipo, fundi yupo, na hatamuuliza ilinunuliwa wapi.

La mwisho ni la pesa, kwa kuwa mliniuliza kwa kuzunguka. Mwezi huu sitatuma za mabati ya nyumba ya mama. Zimekwenda kwenye paa langu. Mwezi ujao nitatuma nusu, na nusu iliyobaki nikishalipwa zamu za ziada. Mwambieni fundi wa mabati asianze kabla sijatuma, maana yule namjua, akishapanda juu hateremki bila pesa ya chai.