Tumnunulie skrini kubwa?

SWALI: Assalaam alaykum. Nasimamia kitengo cha hesabu katika afisi moja hapa Chake Chake. Mtumishi wetu mmoja ameambiwa na daktari kuwa ana presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kazi yake ni kuingiza malipo katika kompyuta, na siku hizi huinamia skrini hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Wenzangu wananishauri ninunue skrini kubwa, na ikishindikana ahamishiwe masjala. Nifanye nini?
Msimamizi, Pemba

JIBU: Waalaykum ssalaam. Skrini kubwa usiinunue bado. Presha ya macho mara nyingi huanza kula pembezoni mwa uoni na kubakisha katikati, na ikifika mbali mgonjwa huwa kama anayechungulia tunduni. Mtu wa namna hii akiwekewa skrini pana, hulazimika kuzungusha kichwa kuitafuta safu aliyoiacha, na herufi zikikuzwa kupita kiasi hubakiwa na neno moja mbele yake huku mstari mzima umempotea. Aliyeharibika katikati ya uoni ndiye anayefaidika zaidi na ukuzaji mkubwa. Kwa hiyo kaa naye nusu saa akifanya kazi yake ya kawaida, umuulize ni kitu gani hasa kinachomponyoka, na kwa ridhaa yake muombe daktari wa macho aeleze kwa maandishi ni sehemu gani ya uoni iliyobaki.

Huku mkingoja, igeuzeni meza ili dirisha liwe ubavuni mwake, kwa sababu mwanga wa jua ukiwa nyuma yake hupiga kwenye kioo, na ukiwa mbele humuumiza macho. Skrini aliyonayo iwekwe kwenye mkono wa chuma unaovutika, imfuate yeye badala ya yeye kuifuata, maana shingo yake nayo ina haki. Katika Windows, kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na alama ya kujumlisha hufungua kikuzaji, naye akuze kidogo kidogo mpaka atakapoona panamtosha. Maandishi meupe juu ya weusi huwapumzisha wengi, ingawa si wote.

Kwa kuwa uoni wake huenda ukapungua zaidi, aanze mapema kujifunza NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na ambayo hailipiwi. Inayo sauti ya Kiswahili, kavu kidogo masikioni, lakini katika jedwali la Excel humtajia kila kisanduku na kilichomo anapotembea kwa vitufe vya mishale. Tatizo litakuwa hati zilizopigwa picha kwa skana, ambazo kwa programu hiyo ni picha tu. Waagizeni wanaoleta hati za malipo walete na faili lenyewe la kompyuta.

Ama masjala, sijui nani aliyedhani kuwa mafaili ya hati za mkono zilizofifia ni mepesi kuliko kompyuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika kifungu cha 27 unataka mahali pa kazi pafanyiwe marekebisho yanayofaa, na hayo niliyoyataja ni miongoni mwake. Mafunzo ya NVDA yatachukua wiki kadhaa, basi msiyaanze mwisho wa mwezi, mishahara inapoandaliwa.