Maswali yenu: unajuaje namba siyo tasa kama hujapata kigawo chake?

Mwalimu, nimesoma kuna namba inajulikana siyo tasa lakini vigawo vyake hakuna anayevijua. Inawezekanaje?

Inawezekana kabisa, na kwangu hiki ndio kitu kitamu kuliko vyote kwenye hesabu. Kuna kanuni ya Fermat: ukichukua namba tasa yoyote zaidi ya 2, ukapandisha 2 kwa kipeo cha hiyo namba toa 1, halafu ukagawa kwa namba yenyewe, baki lazima iwe 1. Sasa tujaribu 91, ambayo wengi wakiiangalia haraka wanasema ni tasa. Tunatafuta baki ya 2^90. Usihangaike kuzidisha yote, 2^12 ni 4096, na 91 mara 45 ni 4095, kwahiyo baki 1. 2^84 ni hiyo hiyo 2^12 ikijizidisha mara saba, nayo inabakiza 1, zimebaki 2 sita tu ambazo ni 64. Tulitaka 1 tumepata 64, basi 91 siyo tasa, na hatujaigawa kwa 7 wala 13 hata mara moja!

Ila msigeuze kanuni mkasema kila inayobakiza 1 ni tasa, maana 341 inapita huu mtihani vizuri kabisa na bado ni 11 × 31.

Kwa namba kubwa kweli imeshatokea?

Sana. Mwanahisabati Mfaransa Mersenne mwaka 1644 aliiweka 2^67 − 1 kwenye orodha yake ya namba tasa. Ni 147573952589676412927, tarakimu 21. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Lucas, akaonyesha siyo tasa, kwa mtihani wake mwingine, bila kutoa kigawo hata kimoja, na watu wakakaa hivyo hivyo mpaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alipoleta 193707721 × 761838257287. Leo ipo 2^1048576 + 1, ina tarakimu 315653, tangu 1987 inajulikana siyo tasa na kigawo hakijapatikana.

Cole alijaribu kugawa kwa kila namba?

Hapana, asingemaliza. Kwa namba kama hii, kila kigawo tasa lazima kiwe kigawe cha 134 (yaani 2 × 67) jumlisha 1. Hakikisha mwenyewe: 193707720 ukigawa kwa 134 unapata 1445580 kamili, hamna baki. Hapo tu umeshatupa namba nyingi mno kabla hata hujaanza kazi.

Tarakimu ya mwisho ya 2^67 − 1 naipataje bila kalkuleta?

Vipeo vya 2 vinaishia 2, 4, 8, 6 halafu vinarudia. 67 gawa kwa 4 baki 3, kwahiyo 8, toa 1 ni 7.

Namba ikizidi ukubwa ndio inazidi ugumu?

Siyo lazima. Zidisha 1 × 2 × 3 mpaka 100, unapata namba ya tarakimu 158 na vigawo tasa vyake vyote unavijua hapo hapo, ni zile tasa 25 zilizo chini ya 100. Ugumu uko kwenye namba iliyotengenezwa kwa tasa mbili kubwa tu.

Ndio hizo zinazolinda siri kwenye intaneti?

Ndio, RSA, mfumo wa kuficha ujumbe kwa namba, umesimama hapo. Namba iitwayo RSA-250, yenye tarakimu 250, ilivunjwa (yaani vigawo vyake vilipatikana) 2020 kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja. RSA-2048 ina tarakimu 617 na bado haijavunjwa.