Maswali Yenu: Mtunga Gemu Aliyeruka Angani na Kuzama Baharini

Juma lililopita niliandika habari za Richard Garriott, Mmarekani aliyezaliwa Uingereza mwaka 1961, mtunzi wa gemu za kompyuta ziitwazo Ultima. Mwaka 2008 alifika kituo cha anga cha kimataifa, na mwaka 2021 akateremka hadi chini kabisa ya bahari. Maswali yamekuja mengi, nami nimechagua haya.

Mwanangu ana miaka 15. Akitoka shule hapiti nyumbani, ni moja kwa moja banda la gemu. Nawe wamsifu mtu wa gemu! Wanisaidiaje? (Mama, Changamwe)

Mama, sikuandika ili nikuongezee mzigo. Banda linalokula nauli na saa za masomo ni hasara, na sitalipamba. Lakini Garriott hakupata jina kwa kucheza. Shule yake ya sekondari huko Texas, miaka ya 1970, ilikuwa na mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta ya mbali. Haikuwa hata na kioo: unaandika amri, jibu linachapwa kwenye karatasi. Humo akaandika gemu moja baada ya nyingine, akizipa nambari, mpaka zikafika 28. Hiyo ya 28 aliihamishia kwenye kompyuta ya Apple II, ikawa Akalabeth, naye wakati huo ni kijana wa kazi katika duka la kompyuta. Nakala za kwanza ziliuzwa ndani ya mifuko ya plastiki.

Leo jioni muulize mwanao: gemu hiyo ungeitunga wewe, ungebadilisha nini? Akianza kueleza hata chakula kikapoa, mnunulie daftari, achore anayoyasema. Akikosa la kusema, saa za bandani zipunguze bila kumwonea haya.

Ulisema gemu yake moja haina adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Sasa mtu anashindaje? (Likoni)

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingojea. Gemu hiyo ni Ultima IV, ya mwaka 1985. Baada ya zile za mwanzo Garriott alianza kusoma barua za wachezaji na za wazazi, akaona jambo lililomkera: watu walikuwa wakiua wanakijiji na kuiba dukani, kisha mwishoni wanatangazwa mashujaa. Akatunga gemu ambayo kazi ya mchezaji ni kuwa mtu mwema. Aliweka fadhila nane, miongoni mwake ukweli, huruma, haki, kujitolea na unyenyekevu, na kompyuta ikawa inaweka hesabu ya kila tendo.

Kuna muuza mitishamba humo, kipofu. Anakutajia bei, na wewe ndiye unayesema umemhesabia sarafu ngapi. Ukitaka, mpe moja badala ya kumi. Hapigi kelele, askari haji, dawa unapewa na safari inaendelea. Ila imeandikwa. Muda mrefu baadaye, unapotaka kuhesabiwa miongoni mwa wakweli, unakataliwa, na itabidi ukumbuke mwenyewe ni kwa nini.

Marehemu bibi yangu alikuwa akinituma Marikiti kununua bizari. Nikirudi alihesabu chenji mara mbili. Mara ya kwanza kuona kama nimepunjwa, mara ya pili kuona kama muuzaji amejipunja, ili nirudi nimpelekee chake. Niliposoma habari za yule kipofu wa gemu nilimwona bibi ameketi barazani. Kwangu hii ni kazi kubwa kuliko roketi, na nasema hivyo nikijua wengi wenu mmeandika kwa ajili ya roketi.

Kisha tazama kilichotokea alipowaachia watu wafanye watakavyo. Mwaka 1997 ilitoka Ultima Online, iliyochezwa na maelfu kwa pamoja kupitia intaneti. Watungaji walikuwa wameweka wanyama wanaokula majani, na wanyama wanaowala hao, ili msitu ujiendeshe wenyewe. Wachezaji walipofurika waliua kila chenye kutembea, upesi kuliko wanyama walivyoweza kuzaliana, na mpango ule ukabidi uondolewe. Mvuvi wa Mtongwe hahitaji kuelezwa zaidi. Hata mfalme wa gemu, Lord British, ambaye ni Garriott mwenyewe, aliuawa na mchezaji mmoja wakati wa majaribio. Ilipaswa asiweze kudhurika, lakini mtambo ulikuwa umezimika, na uliporudi alisahau kuiwasha ile kinga.

Niko kidato cha tatu, navaa miwani mizito, na ndoto yangu ni kwenda angani. Naambiwa nisahau. (Kisauni)

Mwanangu, Garriott naye aliambiwa hivyo hivyo. Baba yake, Owen Garriott, alikuwa mwanaanga aliyekaa siku 59 katika Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973. Majirani zao walikuwa watu wa NASA, shirika la anga la Marekani. Mtoto alidhani kwenda angani ni kazi ya kawaida, kama sisi tunavyoona ubaharia. Alipokuwa na miaka 13 daktari wa NASA akampima macho, akamwambia mlango huo umefungwa.

Akatafuta mwingine. Pesa za gemu alizitia katika kampuni ya kuwapeleka raia angani kwa vyombo vya Urusi. Hisa zilipoporomoka, uwezo wa kulipia nafasi ukamponyoka, na aliyetangulia mwaka 2001 akawa tajiri mwingine wa Marekani, Dennis Tito. Garriott akarudi kwenye gemu, akachuma tena. Madaktari wakaona kasoro kwenye ini lake, akapasuliwa. Ndipo tarehe 12 Oktoba 2008 akaruka kutoka Baikonur, Kazakhstan, ndani ya Soyuz, chombo cha Warusi, akawa Mmarekani wa kwanza kufuata nyayo za mzazi wake angani.

Habari njema kwako ni kwamba tangu 2007 NASA inawakubali waliorekebishwa macho kwa leza. Na usidhani anga iko Marekani na Urusi tu. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ndiko setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Disemba 1970. Soma fizikia.

Hizo si safari za matajiri tu? Sisi zatuhusu nini? (Tudor)

Ni za matajiri, ndiyo. Safari ile ilimgharimu takriban dola milioni 30, na sitatafuta maneno ya kulifanya hilo liwe dogo. Ninachomhesabia ni kwamba alikwenda na kazi. Alipiga picha sehemu za dunia ambazo baba yake alizipiga kutoka Skylab, ili ionekane kilichobadilika katika miaka 35, na akazungumza kwa redio na watoto wa shule waliokuwa chini. Tajiri wa kwenda kujipiga picha mwenyewe nisingemwandikia safu.

Huko juu jua lachomoza mara ngapi, na Mwislamu atasali vipi? (Ustadhi, Mji wa Kale)

Sheikh wangu, kituo huizunguka dunia kila dakika 90 hivi, kwa hiyo jua huchomoza mara kama 16 kwa siku yetu moja. Swali hili lilipata jibu kabla Garriott hajaruka. Mwaka 2007, ndani ya Ramadhani, Malaysia ilimpeleka Sheikh Muszaphar Shukor, na wanazuoni wa nchi yake wakamwandalia mwongozo. Nyakati za sala zafuata saa za mahali alikorukia. Kibla ni kwa kadiri ya uwezo: aelekee Kaaba, asipoweza aelekee dunia, na hata hilo likishindikana, aelekee popote. Saumu aliruhusiwa kuilipa akirudi.

Ni kweli ana mali mwezini? (Bamburi)

Alinunua mnadani New York, mwaka 1993, kigari cha Kisovieti Lunokhod 2 pamoja na chombo kilichokishusha, kwa dola 68,500. Vyote viwili vingali huko huko mwezini tangu 1973.

Mimi nimezamia miaka mingi. Chini ya bahari na angani, wapi kugumu? (Mzee, Mkanyageni)

Mzee, wewe unajua masikio yanavyouma kwenye mita kumi tu. Garriott alishuka takriban mita 10,900 magharibi mwa Pasifiki, Machi 2021, ndani ya nyambizi ya mvumbuzi wa Marekani, Victor Vescovo. Kushuka peke yake ni saa nne hivi, gizani. Shinikizo la maji huko chini linapita mara 1,000 ya hewa tunayoivuta hapa juu. Chombo cha angani huzuia hewa ya ndani isitoke. Nyambizi huzuia bahari nzima isiingie. Kwa hesabu yangu, chini ndiko kugumu.

Lakini mie nawaambia vijana waanze hapa Ngome ya Yesu. Chini ya ukuta wake ilizama Santo António de Tanná, meli ya Wareno, mwaka 1697 Waomani walipoizingira ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vyombo walivyovitoa vimo makumbushoni humo ngomeni. Watu wangapi wa mji huu wameingia kuvitazama?

Nataka kutunga gemu, nina kompyuta kuukuu tu. Nianzie wapi? (Dada, Magongo)

Pakua Godot, programu ya kutungia gemu; ni ya bure na haidai mashine kubwa. Ukitaka wenzako, nenda Swahilipot, karibu na ngome, kuna vijana wa programu. Usianze na mji mzima. Chukua bao letu: mashimo 32, kete 64, kanuni za kunamua na kutakata. Kuifundisha kompyuta hesabu ile kutakuchosha vizuri. Ikishaweza kucheza mtaji wake bila kukosea, niandikie. Nitakuja nicheze nayo.