Usifunge kadi ya kliniki kwenye boksi la mizigo

Mdogo wangu, acha kwanza kufunga maboksi usome hapa. Umesema mimba ina wiki 23, mwezi ujao unamfuata mume ughaibuni, na umeuliza mambo manne: kitanda cha mtoto ununue kabla ya kuondoka au ukifika, lugha uanze kujifunza lini, chumba kimoja kitawatosha au la, na kliniki ya huko uanze lini. Halafu ukamalizia na mstari mmoja, kana kwamba ni jambo dogo: “makaratasi ya hospitali nimeshayafunga na mizigo ya meli, kliniki nitaanza kibali cha kuishi huko kikitoka.” Huo mstari umeninyima usingizi.

Lifungue hilo boksi leo. Toa kadi ya kliniki, majibu ya damu, picha za utrasaundi, kila karatasi yenye jina lako na muhuri wa hospitali. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, umtumie mumeo. Karatasi zenyewe zikae kwenye mkoba utakaoushika mkononi kwenye ndege, si kwenye begi la chini. Na ukifika, wiki ya kwanza hiyo hiyo uende kliniki, kibali kiwe kimetoka au hakijatoka.

Mimi nilisafiri nikiwa na wiki 25. Kadi yangu niliitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha nikaiweka katikati ya mashuka, mashuka kwenye boksi la nne, boksi likaenda melini. Niliogopa mkoba wa mkononi ungeibiwa njiani, nikaona huko ndiko salama.

Kule tulipokelewa na mtu aliyetutangulia miaka mingi. Alitutafutia chumba, alituonyesha mabasi, na kwa hayo namshukuru. Lakini nilipomwambia nataka kuanza kliniki alinikatia kauli: “Usithubutu kukanyaga hospitali huna kibali wala bima. Watakuandikia deni, na deni likishaingia kwenye jina lako kibali usahau. Kwani mimba ni ugonjwa?” Mume wangu alikubali, na mimi nikakubali, maana ndiye tuliyemwona mwenyeji.

Mpaka leo nikiikumbuka sauti ile damu inanichemka. Hakuwahi kuingia kliniki ya wajawazito ya nchi ile, hakuwahi kumuuliza mtu yeyote wa pale, lakini alisema kwa uhakika kama aliyeandika sheria mwenyewe. Nilipokuja kwenda, dada wa mapokezi alivuta droo akanipa fomu ya ukurasa mmoja, ya wajawazito ambao vibali vyao bado havijatoka. Ukurasa mmoja! Wiki 9 nimekaa ndani nikisubiri barua, na fomu ilikuwa kwenye droo.

Katika hizo wiki 9, nikiwa na wiki 29, niliteleza kwenye ngazi nikibeba ndoo ya nguo. Nilipiga ubavu na tumbo kwenye kona ya kidato. Hakukutoka damu, na jioni mtoto alicheza kama kawaida. Yule mwenyeji alipigiwa simu, akasema mtoto akicheza hakuna neno, pumzika. Nikapumzika.

Ambacho sikukijua ni kwamba kundi langu la damu ni A hasi, yaani damu isiyo na alama iitwayo Rh; mwenye nayo huitwa chanya. Tuseme vizuri zaidi: niliambiwa, sikuelewa. Kule nilikoanzia kliniki muuguzi aliandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya kadi “Rh hasi, sindano wiki ya 28”, akanisomea haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, nikaitikia kwa kichwa. Kumbukumbu yangu ilikuwa ile kadi, na kadi ilikuwa baharini.

Sasa elewa kitu hiki, maana hutaelezwa na anayekupokea uwanja wa ndege. Mama akiwa hasi na mtoto akawa chanya kwa kurithi kwa baba, damu ya mtoto ikipenya kwa mama hata kidogo, mwili wa mama unaweza kuiona ngeni na kutengeneza kingamwili za kuipiga vita. Kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Kinga yake ni sindano inayoitwa anti-D. Hutolewa karibu na wiki ya 28, hutolewa tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto akiwa chanya, na hutolewa pia mama akipigwa tumboni, kwa mfano akianguka kwenye ngazi. Lakini inazuia tu. Kingamwili zikishatengenezwa haina kazi tena.

Nilifika kliniki nikiwa na wiki 34. Walipima damu, na baada ya siku tatu nikaitwa haraka. Kingamwili zilikuwepo. Daktari aliuliza maswali ambayo majibu yake yote yalikuwa kwenye boksi: kipimo cha kwanza kilionyesha nini? Uliwahi kuchomwa anti-D? Utrasaundi ya mwanzo ilisema mimba ina umri gani? Hilo la mwisho nalo lilitutesa, kwa sababu utrasaundi ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hata kwa wiki tatu, na wao walitaka kujua ni lini pana usalama wa kumtoa mtoto. Wakawa wanapima kila wiki kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto kuona kama anaishiwa damu. Kila wiki nalala pale, namtazama usoni mpimaji kabla hajasema neno.

Alizaliwa kwa kuanzishiwa uchungu. Siku ya pili akawa wa njano mpaka weupe wa macho. Alikaa chini ya mashine ya mwanga siku sita, macho yamefunikwa kitambaa, natia mkono tu kwenye tundu nashika kisigino chake, na baadaye aliongezewa damu. Leo anakimbia, Mungu ashukuriwe. Lakini zile kingamwili ni zangu za maisha. Mimba yoyote nitakayobeba itakuwa ya kuchunguzwa tangu mwanzo, kwa sababu mtoto anayefuata akiwa chanya anaweza kuumizwa zaidi ya huyu.

Boksi lilifika mtoto akiwa na wiki tatu. Nilikata gundi nikaitoa bahasha. Kwenye kadi, mstari wa pili: kingamwili, hakuna. Wino mwekundu ulikuwa palepale. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni ile ngazi, lakini mwanzo wa mimba nilikuwa safi, na sindano ilikuwepo.

Kwa hiyo usiniambie habari ya kibali. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonwe angalau mara 8, na miongoni mwa hizo zipo za wiki ya 26, 30 na 34. Ukisafiri mwezi ujao, mbili za kwanza kati ya hizo tatu zitakukuta hujajua hata duka la dawa liko wapi. Kipimo cha sukari ya mimba nacho huwa kati ya wiki ya 24 na 28. Tumbo halisubiri barua ya uhamiaji. Mumeo yuko kule tayari: kesho aende mwenyewe kwenye kaunta ya kliniki, si kwa jirani, si kwa mwenyeji, aulize mjamzito asiye na kibali anaandikishwa vipi, aulizie gharama, na aondoke na jibu la maandishi. Bima ya safari msiitegemee kabla ya kuisoma, nyingi hazilipii kliniki wala kujifungua kwa kawaida. Na uliza shirika lako la ndege mapema, mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28.

Kitanda nunua popote, hakijawahi kumpima mtu damu.

Ukishaitoa kadi, angalia palipoandikwa kundi la damu, uangalie na la mumeo kama analijua. Kama lako ni hasi, rudi kliniki kabla hujasafiri, waambie una safari, na uwaulize sindano ya wiki ya 28 utaichomewa wapi. Wakujibu kwa tarehe. Kisha urudi hapa uniambie wamesemaje, nitakuwa naangalia.