Nyie mnaoanza kuchangisha kwa jina la mtoto, hebu ngojeni kwanza

Jana nimeona mwingine tena. Mtoto hana hata miezi miwili kaburini, baba mtu kashafungua grupu, kashapanga tarehe ya matembezi, na swali lake la kwanza ni bei ya fulana zenye picha. Nikasema aa, huyu ni mimi mtupu. Haya kaeni hapa wadogo zangu, huu mwaka wa tisa niko kwenye hizi shughuli kwa jina la mwanangu aliyeondoka kwa kasoro ya moyo ya kuzaliwa, na ujinga mnaotaka kuufanya nimeshaufanya wote.

1. Ahadi sio pesa. Usitangaze jumla kabla haijaingia akaunti, na akaunti iwe na sahihi mbili, mmoja asiwe ndugu yako.

2. Kabla hujanunua kitu nenda wodini kamuulize sista inchaji wamepungukiwa nini. Wewe unawaza mashine kubwa ya kupigia picha, yeye anakwambia zile sensa za oksijeni za kufunga mguuni kwa kichanga zimeisha. Usizidharau. Wetu alizaliwa analia vizuri, ananyonya, rangi safi, manake kuna kale kamshipa mtoto anatoka nako tumboni, kakiwa wazi kanaficha mambo, kakianza kujifunga siku za mwanzo ndo moyo unaumbuka. Siku ya tatu midomo ikawa ya bluu. Kupima oksijeni kwenye mkono wa kulia na mguu ni dakika chache tu, hakinasi kila kasoro hicho kipimo, lakini najua nachokisema.

3. Fulana. Mwaka wa kwanza nilichapisha 200, na picha nikachagua ile ya ICU, mipira puani, plasta shavuni, kwa sababu "inagusa". Mama yake sikumuuliza. Yaani mwenyewe aliniambia siku ile ile naipiga, hiyo picha baki nayo, mimi sitaki kumkumbuka hivo, nami nikaitikia. Asubuhi ya matembezi anashuka kwenye gari anakuta uso wa mwanae kwenye vifua vya watu 200, wengine wanacheka, wengine wanajipiga selfi. Hakusema kitu. Alirudi kwenye gari akafunga mlango, na mimi, mjinga, nikaendelea na maiki kwa sababu ratiba ilikuwa imechelewa!! Nikajisemea nitamtuliza jioni. Jioni alikuwa kwa dada yake, na alikaa huko wiki tatu.

Halafu haikuishia hapo. Miezi kadhaa mbele nimepeleka gari gereji, kijana kachomoa kile kijiti cha oili anakifuta na kitambaa, naangalia kitambaa naona jicho. Jicho moja na kipande cha plasta. Hana kosa yule kijana, fulana ikichakaa inakuwa tambara, ndo maisha ya fulana. Nikamuomba anipe, akaniangalia kama nimerukwa na akili, akanipa. Nimeifua mara nne, oili haitoki.

Na mahesabu yalipofungwa fulana zilikuwa zimekula karibu nusu ya mchango. Sisemi zaidi.

4. Tarehe usiweke siku aliyofariki, utakuwa umeshika maiki huku miguu haikubebi. 14 Februari ndo siku ya kasoro za moyo za kuzaliwa, itumie hiyo, ila ukumbi ulipie mapema manake unagombania na wapendanao.

5. Ukihutubia acha kusema kila mtoto wa hivi ana "tundu" kwenye moyo, wengine hawana tundu wana mshipa mwembamba au upande mmoja wa moyo haukukua. Sema tu ni karibu mtoto mmoja kwa kila 100 wanaozaliwa, halafu nyamaza kidogo. Kuna bibi mmoja alinifuata baada ya hapo akanivuta pembeni, wake alifariki kabla mimi sijazaliwa, hakuwahi kulitaja jina lake mbele za watu. Alilitaja mara mbili akaenda zake, bahasha kaniachia mkononi.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza bei ya fulana, nipigie kabla hujatoa advansi. Na mama mtoto awepo kwenye simu.